Mwenyekiti anataka nimkamue mtoa huduma wetu wa kompyuta, naogopa kuonekana ninakula naye

Shikamoo Mama,

Mimi ni meneja wa uendeshaji katika SACCOS ya watumishi, mkoa mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Tuna makao makuu na matawi matatu, wanachama karibu elfu saba, wengi wao walimu na wahudumu wa afya. Najua wengi wanakuandikia mambo ya ndoa. Langu ni la kazini, ila mume wangu anasema limeshahamia nyumbani, maana nashtuka usiku nikipiga hesabu.

Mfumo wetu wa akiba na mikopo unahudumiwa na kampuni ndogo ya Dar es Salaam, huu ni mwaka wa sita. Tunawalipa shilingi milioni 5.2 kwa mwezi, na VAT juu yake. Mkataba unasema watapatikana saa 24, siku saba za wiki. Fundi akilazimika kupanda basi kuja huku, nauli, malazi na posho vinakuja kwa ankara ya pembeni. Ripoti mpya nayo ina bei yake. Mwaka huu vyote kwa jumla vinakaribia milioni 90.

Mwezi uliopita mwenyekiti wetu wa bodi alizisoma hizo namba kwa sauti kwenye kikao. "Milioni tisini za kompyuta, na mwanachama akija kuomba mkopo wa dharura wa laki tatu tunamzungusha wiki nzima!" Sikuwa na jibu, maana ni kweli tunawazungusha. Akaagiza gharama ishuke kwa asilimia 30 kwenye bajeti ijayo, na niandike barua fupi: mpunguze, au tunatangaza zabuni.

Kabla ya kuandika nilimpigia mkurugenzi wa ile kampuni. Akanisikiliza, kisha akasema: "Dada, nikikata asilimia 30 hivi hivi, nitamwondoa fundi mmoja, na huyo ndiye anayewatoa ninyi kila tarehe 28. Lakini nipeni siku mbili tukae. Nitawaonyesha muda wa mafundi wangu unaenda wapi na unanigharimu nini. Nanyi mnionyeshe kazi zenu zinavyopita mezani. Tutakachookoa tugawane nusu kwa nusu."

Akanitumia orodha ya simu na tiketi zote tulizofungua mwaka huu. Mama, niliona aibu. Sehemu kubwa kabisa ni faili za makato ya mishahara, ndiyo hiyo tarehe 28 yenyewe. Waajiri wanatuletea Excel, cheki namba (namba za utumishi za wafanyakazi) zimekosewa, mtu aliyehama wilaya bado yumo, mwingine jina limeandikwa la ukoo kwanza. Karani wetu anapakia hivyo hivyo, mfumo unagoma, tunapiga simu Dar, fundi anakaa siku mbili au tatu anasafisha mstari kwa mstari. Zinazofuata ni nywila zilizosahaulika na printa. Halafu ripoti tunazoomba, tukishaletewa hakuna anayezifungua tena. Na sisi hatulipi kwa wakati: ankara huzunguka kutafuta saini hata miezi mitatu.

Kwa hiyo moyo wangu unataka kukaa naye. Shida ni hizi.

Huyu mkurugenzi nilisoma naye chuo. Hakuna kitu kingine kati yetu, lakini tulikuwa kundi moja la majadiliano na kila mtu ofisini anajua. Baba yangu alipofariki miaka miwili iliyopita alikuja msibani, akatoa rambirambi laki tano. Iliandikwa kwenye daftari pamoja na za watu wengine. Sasa nilipodokeza habari ya kukaa siku mbili, katibu wa bodi akacheka: "Hoteli gani hiyo, na nani analipa?" Jioni yake nikasikia kuna maneno kwamba kila ankara meneja ana cha juu.

Tena mwenyekiti ana mpwa wake, kijana aliyemaliza chuo juzi, anasema anaweza kututengenezea mfumo wetu wenyewe kwa milioni 15, tukaachana na hao wa Dar. Bado hajaletwa rasmi, ila jina lake linatajwa kila kikao.

Nikiandika barua ya vitisho, naona nitavunja kitu kinachofanya kazi. Nikikaa na mtoa huduma, nimeuza jina langu. Nikikaa kimya, mpwa anaingia, na siku mfumo ukizama nitaulizwa mimi. Nifanyeje?

Nimebanwa Katikati

*

Marahaba mwanangu, na pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu, kwa sababu na mimi nilikaa miaka mingi upande wa ununuzi kabla ya kustaafu. Cha juu nimekiona, na nimewaona pia watu safi wakisingiziwa cha juu.

Nikikuelewa vizuri, umebeba mizigo miwili na umeifunga kamba moja. Mmoja ni wa hesabu: huduma ya mfumo inakula pesa nyingi, na umeshaanza kuona sehemu ya pesa hiyo inaungulia ndani ya ofisi yenu. Mwingine ni wa jina lako: njia inayoonekana kupunguza gharama inakutaka umkaribie mtu ambaye watu tayari wanakutazama naye kwa jicho la pembeni. Hebu tuifungue kamba.

Nianze na mwenyekiti, maana ni rahisi kumfanya adui. Hasira yake ina mantiki. Pesa ni za wanachama, na yeye anaona namba moja tu mwishoni mwa mwaka. Hajaiona ile orodha ya tiketi. Je, umemwonyesha? Barua yako haisemi. Inawezekana mtu aliyegonga meza kwa milioni 90 angegonga tofauti kidogo akijua tarehe 28 ya kila mwezi inaendaje.

Sasa mtoa huduma. Umemwamini haraka, na sikulaumu, ila nikuulize machache. Orodha ile kaiandaa nani? Ni ya kwake. Kabla hujaibeba kwenda bodini, ilinganishe na kumbukumbu zenu: barua pepe, ujumbe wa WhatsApp wa makarani, ankara za safari. Huenda ni sahihi kabisa. Huenda pia tiketi nyingine zinatokana na kasoro za mfumo wake na zimeandikwa "kosa la mtumiaji." Nimeyaona sana hayo.

La pili ni hii nusu kwa nusu, iliyonifanya niweke miwani. Mnamlipa kiasi kisichobadilika kila mwezi. Mkisafisha faili za makato wenyewe kabla ya kupakia, simu zinapungua, fundi wake anapata siku tatu za kufanya kazi ya mteja mwingine, na nyinyi mnaendelea kulipa milioni 5.2 ile ile. Yaani faida ya kwanza inamwendea yeye hata kabla hamjagawana chochote. Na kazi ya kusafisha ameifanya karani wako, ambaye naye ana mshahara. Kwa hiyo mkikaa, swali la kuweka mezani ni ada ya mwezi itashuka kwa kiasi gani simu zikishuka kwa kiasi fulani, na nani anahesabu. Kuhusu safari za mafundi mambo ni mepesi zaidi: safari ambayo haikufanyika haina ankara, hiyo ni yenu yote. Ripoti mpya ni suala jingine tena. Kama kampuni hiyo inahudumia SACCOS nyingine, na ripoti mnayoitaka ni ile ile wanayoihitaji wenzenu kwa ajili ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kwa nini kila chama kilipe kivyake? Muulize. Mwenye nia ya kushirikiana hatakasirika.

Kwa upande wenu nako kuna la kukiri. Mnachelewesha malipo miezi mitatu. Kampuni ndogo inalipa mishahara kila mwezi, na kama inakopa benki ili kuziba pengo, riba nchini kwetu inacheza kwenye asilimia 15 kwa mwaka. Ankara moja ya milioni 5.2 ikilala miezi mitatu inamgharimu karibu laki mbili. Kwa mwaka ni milioni mbili na kitu, na huyo bwana si mjinga, ameshaziweka ndani ya bei. Punguzo hilo mnaweza kuliomba bila kumnyima fundi kazi: lipeni ndani ya siku 30, naye ashushe. Lakini usiahidi jambo usilolimudu. Kama saini ya tatu ni ya mwenyekiti mwenyewe na anasafiri safiri, itabidi aliafiki yeye kwanza.

Na hizo saa 24 mnazozilipia, hebu angalia nani alipiga simu saa nane usiku. Kama ofisi zinafungwa jioni, huenda mnanunua usingizi wa fundi bure. Ila chunga: kama wanachama wanatoa na kuweka fedha kwa simu hadi usiku, kipande hicho kikizima Jumamosi utaujua umuhimu wake kabla ya Jumatatu.

Sasa tuje kwenye njia zako.

Barua ya vitisho ina sifa moja: inaleta namba haraka. Mwaka 1992 kampuni ya magari ya General Motors, Marekani, ilimpa José Ignacio López ununuzi wote, naye akawalazimisha wauzaji wa vipuri kushusha bei, hata penye mikataba iliyokwisha kusainiwa. Pesa iliokolewa kweli, nyingi tu. Mwaka uliofuata López akahamia Volkswagen, na GM ikabaki na wauzaji wenye kinyongo cha miaka. Jirani yao Chrysler alikuwa ameanza njia nyingine tangu 1989: aliwauliza wauzaji wenyewe ni wapi Chrysler inawapotezea pesa, akakubali kugawana nao kilichookolewa, na mawazo yakaja kwa maelfu. Lakini nisikupambie hadithi. Chrysler iliungana na Wajerumani wa Daimler mwaka 1998, na ilipoanza kupata hasara, wakubwa wapya wakawaamuru wauzaji wale wale wakate asilimia 5 kuanzia Januari 2001. Nalitaja hili kwa sababu bodi yenu nayo inachaguliwa na mkutano mkuu. Makubaliano yanayoishi kichwani mwako na mwa mkurugenzi hayatauona uchaguzi ujao. Yakiandikwa kama nyongeza ya mkataba, yana nafasi.

Kwako barua hiyo ina hatari yake ya pekee. Mtu wa Dar akikubali asilimia 30 kwa kubanwa, atazirudisha kidogo kidogo: fundi mwanagenzi badala ya mzoefu, safari zinazoongezeka, kila ombi kuitwa "kazi mpya." Bodi itafurahia bajeti na kuguna kwenye hesabu za mwisho wa mwaka.

Zabuni si tusi, usiiogope. Miaka sita bila kupima soko ni mingi, na hata rafiki mwema hulegea. Ila zabuni nzuri inahitaji ujue mnachonunua. Leo ukitangaza, utaandika "huduma ya mfumo saa 24," na wazabuni watawapa bei ya vurugu ile ile ya faili za makato, maana hata wao wataikuta. Halafu hesabu gharama ya kuhama: kuhamisha salio za watu elfu saba, kuendesha mifumo miwili sambamba hadi hesabu zikubaliane, kufundisha makarani upya. Na usome mkataba wa sasa unasema nini kuhusu hifadhidata yenu. Mkiondoka, mnakabidhiwa data kwa muundo gani, kwa muda gani, kwa bei gani? Kama hausemi, hilo ni jambo la kuomba sasa mkiwa bado mnaongea vizuri.

Kuhusu mpwa, usimdharau kijana. Inawezekana ana kichwa. Mwulize yale yale ambayo ungemuuliza mgeni yeyote: akiugua tarehe 28 nani anashika? Nakala za akiba zinalala wapi? Milioni 15 ni za kutengeneza, za kutunza ni ngapi kila mwaka? Kuna na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Chama chenu ni mkusanyaji wa taarifa za wanachama, na taarifa hizo zikikutwa kwenye kompyuta mpakato ya mtu nyumbani kwao, atakayejieleza ni chama. Maswali haya yakiulizwa kwa maandishi na kwa wote, wa Dar na wa mjomba, hakuna atakayesema umemlenga mtu. Na undugu wa mwenyekiti ni mgongano wa maslahi kama ulivyo urafiki wako wa chuo. Hapo mko sawa, naye analijua hilo.

Hapo ndipo tunafika kwenye jina lako, na hapa naomba nikae kidogo.

Laki tano za msibani. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haihusu watumishi wa serikali peke yao. Mwajiriwa wa chama anayepokea kitu ili ampendelee mtu kwenye shughuli za mwajiri wake anaweza kushtakiwa. Rambirambi iliyotolewa mbele za watu na kuandikwa daftarini haifanani na hiyo. Lakini katibu wako wa bodi hana haja ya kushinda mahakamani. Anahitaji mnong'ono tu, na mnong'ono unaishi kwa kitu ambacho wewe hujakisema. Umejiuliza itakuwaje ukikisema wewe wa kwanza? Barua ya ukurasa mmoja kwa bodi, nakala kwa Kamati ya Usimamizi, ile inayoikagua bodi kwa niaba ya wanachama: nilisoma na mkurugenzi wa kampuni hii, alihudhuria msiba wa baba na mchango wake ni huu, naomba mazungumzo yasifanywe na mimi peke yangu. Kuna hatari, sikufichi. Mwenye nia mbaya atachukua barua hiyo hiyo aipeperushe, "mwenyewe kakiri!" Na huenda bodi ikakuondoa kwenye mazungumzo kabisa, ikampa mtu asiyejua cheki namba ni nini. Unawajua watu wako kuliko mimi. Pima wewe.

Wewe unaona ukaribu wenyewe ndio unaokuchafua. Mimi nasita hapo. Kila meneja ana watoa huduma anaoelewana nao. Mafundi wazuri hubaki kwa mteja kwa sababu hiyo. Kinachozua maneno ni siku mbili ambazo hakuna anayejua zinafanyika wapi. Je, zingekuwa siku mbili ndani ya ukumbi wenu wa mikutano, mhasibu yupo, mjumbe mmoja wa Kamati ya Usimamizi yupo, na yule karani anayepakia makato yupo? Wao wanajilipia nauli na malazi, chai ya ukumbini ni yenu, muhtasari unasainiwa. Katibu mwenyewe akaribishwe. Swali lake la hoteli lilikuwa la kejeli, ila ni swali zuri la ukaguzi, na mwenye swali zuri mpe kiti.

Karani usimsahau hata kama bodi itaona ni wa chini mno. Yeye ndiye anayejua faili la halmashauri ipi linakuja chafu kila mwezi na nani wa kumpigia. Ukimwita mbele ya wageni kusikia kwamba simu zote ni kosa lake, atafunga mdomo na utakuwa umepoteza siku mbili. Ongea naye kabla.

Mwisho, kalenda. Hujasema mkataba unaisha lini. Kama unaisha Juni 30 kama mingi ilivyo, na notisi ni siku 90, basi mlango wa kuamua unafungwa mwishoni mwa Machi. Kati ya leo na hapo kuna kufunga mwezi mara tatu. Unaweza kumwomba mwenyekiti muda huo bila kumkatalia agizo lake: rasimu ya barua ipo, zabuni inaandaliwa, na wakati huo faili za makato zinakaguliwa na karani kabla ya kupakiwa, lililo chafu linarudishwa kwa mwajiri. Hesabuni tiketi nyinyi, naye ahesabu zake. Zikipungua, mnakwenda kudai ada ishuke mkiwa na namba mkononi, na kama ni zabuni, mtajua kwa usahihi mnachokitangaza. Zisipopungua, basi tatizo halikuwa makarani wenu, na mazungumzo na mwenzako wa chuo yatakuwa ya aina nyingine kabisa.